Chuma cha Magokoro

Baba mkubwa wangu ni mzee wa kanisa, ni mwanachama wa bodi ya shule, na ni mtu ambaye nikimwona njiani kwetu Gesima navuka upande wa pili hata kama upande huo una matope. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie upole. Najua wanasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Waliosema hivyo hawakuwa na baba mkubwa kama wangu.

Yeye ni kaka wa marehemu baba yangu, na baba alipokufa ndiye akawa mwenye sauti bomani. Mimi nililelewa na mama yao, bibi yangu, ambaye kwa Kigusii tunamwita magokoro. Alinisomesha kwa majani chai aliyoyachuma kwa mikono yake. Nikawa mwalimu wa fizikia na kemia, nikaolewa upande wa Marani, ndoa ikanishinda, nikarudi. Nilirudi katika nyumba yake ya mabati iliyo kati ya chai na migomba, nikaishi naye miaka yake ya mwisho. Baba mkubwa hakunisamehe kurudi. Alinisalimu kila asubuhi kama mtu anayemsalimu mgeni aliyekawia kuondoka.

Magokoro alikuwa na kitu kimoja tu alichokiita chake. Si shamba, maana shamba lilikuwa la mumewe na baadaye la wanawe, hata kama mgongo uliopinda juu yake ulikuwa wake. Si ng'ombe. Zilikuwa ni ebitinge, pete nzito za chuma ambazo mwanamke wa Kigusii wa zamani alivishwa miguuni siku ndoa yake ilipokamilishwa. Mhunzi alizipinda kuzunguka vifundo, akazigonga zikafunga, na tangu siku hiyo mwanamke huyo alitembea akisikika. Aliyezivaa alikuwa mke, na maneno yalikwisha hapo. Hazikutolewa ila kwa kifo.

Zake zilitolewa mapema. Alipobatizwa mtoni, yeye na mumewe wakiwa bado vijana, viongozi wa kanisa wa wakati ule walitaka mapambo yote ya kale yabaki ukingoni. Mhunzi yuleyule aliyezifunga akaitwa azikate kwa tindo na nyundo, naye akazikata vibaya, labda kwa hasira. Magokoro alibaki na kovu juu ya kifundo cha kushoto, na kila pete ikabaki na pengo lenye kingo kali. Wanawake wa rika lake waliokuwa bado hawajabatizwa walimcheka kwa miaka. Ameachika na mume angali hai, walisema. Yeye alicheka nao, akazifunga pete zake kwa majani makavu ya mgomba, akaziweka chini ya kitanda, na akaendelea kwenda kanisani kila Jumamosi, Sabato yetu, maisha yake yote. Hakuona ugomvi wowote kati ya pete na ibada. Ugomvi waliuona wanaume.

Mwaka aliodhoofika, daktari akisema damu imepungua sana, alituita mimi na baba mkubwa kando ya kitanda. Alisema polepole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani na anajua mtoto mwenyewe ni msahaulifu.

"Nikifa, mnirudishie pete zangu miguuni. Mtafute mtu mwenye nyundo azibane. Kisha mnilaze kando ya mume wangu. Siku ya kumzika nilisimama pale miguu mitupu, na wenzangu waliona. Sitaki kumfikia hivyo."

Ni hilo tu alilolitaka. Hakutaka jeneza la vioo, hakutaka hema wala mpiga picha. Alitaka afike kwa mumewe akiwa mke.

"Mama, wewe ni Mkristo," baba mkubwa akamwambia. "Nitakuzikaje na vitu vya mizimu? Mchungaji atasimama wapi?"

"Asimame pale anaposimama siku zote."

Nilicheka. Baba mkubwa alinitazama, na tangu siku hiyo jambo la pete likawa kati yangu na yeye, kana kwamba mwenye miguu hayupo.

Muhula uliofuata shule yetu iliandaa siku ya wazazi. Mwalimu mkuu aliamua kwamba badala ya hotuba, ambazo hata yeye zilikuwa zimemchosha, wazazi waingie madarasani waone tunavyofundisha. Mimi nilikuwa nimefikia mahali pa kueleza elementi, yaani zile malighafi za msingi ambazo kila kitu kimeundwa kwazo, zilitoka wapi. Wazazi walijipanga nyuma na miavuli yao. Baba mkubwa alikaa mbele, kwa sababu ni wa bodi.

Niliwaeleza hivi. Nyota ni moto, lakini si moto wa kuni. Ndani yake chembe nyepesi hubanwa hadi zikaungana zikawa nzito, na katika kuungana hutoa joto. Jua letu ni nyota ya kadiri, linakula polepole. Lakini nyota kubwa, yenye uzito wa majua manane, kumi, ishirini, ni mlafi. Inamaliza hidrojeni yake katikati ikabaki na heliamu. Haitosheki, inachoma na hayo majivu. Heliamu inakuwa kaboni na oksijeni. Kaboni inakuwa neoni na magnesiamu. Oksijeni inakuwa silikoni. Kila chakula kinaisha haraka kuliko kilichotangulia, na silikoni inaisha kwa kazi ya karibu siku moja tu, ikiacha chuma.

Hapo nyota imekwisha. Chuma hakiwaki. Ukilazimisha chembe za chuma ziungane, hazikupi joto, zinakunyang'anya ulilo nalo. "Tia jiwe kwenye meko," nikawaambia, "uone kama litakuivishia ugali." Na joto ndilo lililokuwa likiizuia nyota isijiangukie. Likikosekana, moyo wa nyota huporomoka kabla hujapepesa jicho. Kitu kilichokuwa na ukubwa wa dunia nzima kinabanwa hadi kikatosha kati ya Kisii mjini na Nyamira. Halafu tabaka zote zilizobaki juu zinarushwa nje kwa mlipuko ambao kwa siku kadhaa unaweza kung'aa kuliko nyota zote za jirani zikijumlishwa. Oksijeni tunayovuta, magnesiamu iliyo katika jiwe laini linalochongwa kule Tabaka, chuma kilichoupa udongo wetu wekundu, vyote vilitupwa gizani na milipuko ya namna hiyo, vikaelea huko muda mrefu hadi vikakusanyika tena kuwa jua hili na dunia hii. Kuna chuma kingine kilichotoka kwa nyota ndogo zinazolipuka kwa njia yake, tena kingi, lakini wazazi walikuwa wamesimama na sikutaka kuwachosha.

Baba mkubwa akainua mkono kama mwanafunzi, kisha akasimama bila kungoja ruhusa kama mwanabodi.

"Mwalimu, samahani. Kwa hivyo unaambia hawa watoto chuma haikuumbwa na Mungu. Imetoka kwa nyota imekufa."

"Nimesema imetoka kwa nyota. Aliyeumba nyota, hilo nimemwachia mchungaji."

Wazazi wakacheka kidogo. Angeketi hapo, mengi yasingetokea.

"Na zile vyuma za mizimu ziko chini ya kitanda ya mama yangu? Hizo pia ni za nyota?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za kitanda cha mama yake. Damu ilinipanda.

"Ni za nyota, baba mkubwa. Sawa na chuma kilicho kwenye vidonge vya damu unavyomnunulia kwa duka la dawa. Sawa na jembe lako. Sawa na misumari ya paa la kanisa. Ulitaka kuwe na chuma ya Mungu na chuma ya shetani? Hakuna. Chuma ni chuma."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mama mmoja alipiga dawati kwa mwavuli. Baba mkubwa aliketi akajifuta uso kwa leso, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni. Mimi nilifurahi. Nilifurahi hadi nikafika nyumbani nikamsimulia magokoro, naye akacheka akakohoa, akaomba maji.

Hazikupita siku nyingi. Nilikuwa nimepeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia, foleni ikawa ndefu, nikarudi nimechelewa. Magokoro alikuwa amelala. Nyumba ilikuwa imefagiwa, jambo lililonishtua, maana wa kuifagia ni mimi. Jembe lisilo na mpini halikuwa kwenye kona. Sufuria iliyotoboka haikuwapo. Chini ya kitanda yalikuwepo majani makavu ya mgomba, yamefunuliwa, hayana kitu.

Baba mkubwa alikuwa nje akinywa chai kwenye kiti changu.

"Mchungaji anakuja kumuombea," alisema. "Nimesafisha nyumba."

"Pete ziko wapi?"

"Kijana wa skrapu alipita na mkokoteni. Nimempatia takataka yote."

Nilimtukana. Sitayaandika niliyosema, na si kwa aibu. Niliyasema kwa Kigusii, na huko yanajitosheleza. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, kisha akaniambia mwanamke aliyeshindwa na nyumba yake mwenyewe asimfundishe namna ya kusafisha ya mama yake.

Asubuhi nilikodi pikipiki hadi soko la Daraja Mbili. Wenye mikokoteni ya skrapu, yaani vyuma chakavu, huuza walichokusanya kwa mtu mwenye uwanja, na uwanja nilioelekezwa ulikuwa nyuma ya soko, ng'ambo ya wauza ndizi na marundo ya mitumba. Palikuwa na milango ya magari, vitanda vya shule, masufuria, minyororo. Nilianza kupekua kwa mikono kabla hata ya kusalimu.

"Madam, unatafuta nini hapo? Utajikata," mwenye uwanja akaniita.

"Pete. Pete kubwa za chuma, za miguuni, zimekatwa upande mmoja. Zimeletwa jana."

"Ya jana imeenda. Lori ilibeba asubuhi mapema, ilikuwa imejaa."

"Imeenda wapi?"

"Nairobi, kwa tanuri. Wanayeyusha wanatoa nondo." Aliniona nilivyosimama, akalainisha sauti. "Zilikuwa za nani?"

"Za bibi yangu."

"Pole, madam. Hapa hatuangaliangi kitu ni ya nani. Tunapima kilo."

Hakuwa mtu mbaya. Nilimchukia vilevile, yeye na mizani yake. Nilichukia pia wauza ndizi waliokuwa wakiitana kana kwamba siku hiyo ni siku ya kawaida. Nilirudi nyumbani mikono imejaa kutu, na kabla ya kunawa niliitazama, nikafikiri kwamba angalau kutu hii ni ya watu wengine, si yake, na fikra hiyo haikunisaidia kitu.

Shuleni mwalimu mkuu alisikia, kwa kuwa Gesima hakuna kisichosikika. Aliniita ofisini akanimiminia chai. Ni mtu mwema, na wema wake una ncha butu. "Lakini mwalimu," alisema, "wewe ndiye ulitufundisha. Hakipotei. Kimetoka kwa nyota, kimekuwa pete, kitakuwa nyumba ya mtu. Hiyo si faraja?"

Nilikiacha kikombe chake mezani nikatoka.

Tangu hapo siwezi kuwavumilia watu wanaofanya nyota kuwa mahubiri. Wapo wengi, na siku hizi wanatuma kwa simu picha za rangi za mabaki ya milipuko, na maneno chini yake kwamba nyota zilikufa ili sisi tuishi. Nyota haikufa kwa ajili ya mtu yeyote. Iliishiwa. Ilikula kila ilichokuwa nacho hadi ikafikia kitu kisicholika, ikajiangukia, na ilipolipuka haikuuliza nani yuko karibu. Kama palikuwa na dunia pembeni, iliungua. Tunachokiita zawadi ni uchafu uliorushwa na ajali. Najua hesabu zake, naziheshimu, na nitazifundisha hadi nistaafu. Lakini asinijie mtu na kikombe cha chai kuniambia ajali ni faraja.

Magokoro bado hakujua. Hakuweza tena kuinama, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, hivyo kitanda kiliificha siri bila msaada wangu. Lakini alianza kuomba. "Zilete nizishike," aliniambia. Nikasema baada ya kuoga. Akaoga, akaomba tena. Nikasema baada ya kula. Siku nyingine nikajifanya sikusikia, mimi niliyemjibu mwanabodi mbele ya wazazi bila uoga.

Habari zilipowafikia wanawake wazee wa ukoo, mambo yalimgeukia baba mkubwa. Hawakumgombeza. Walikuja wawili, wakaketi, wakamwambia tu kwamba neno la mama lisipotimizwa humkalia mwana. Unaweza kuwa mzee wa kanisa, ukakariri vitabu vyote vya manabii, lakini kauli ya mama aliye kitandani ni kauli ya mama. Niliona uso wake. Aliogopa, na mimi nikaona ni vizuri aogope.

Alichofanya baada ya hapo hata leo sijui nikiite nini. Alikwenda Marani kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akampa kipimo kwa kukumbuka, akatengenezewa pete za nondo. Akazifukia kwenye udongo mbichi nyuma ya zizi na chumvi juu yake, zikashika kutu. Akatafuta majani makavu ya mgomba. Akaja nazo mchana, mimi nikiwa naosha vyombo mlangoni.

"Usiseme kitu," alininong'oneza. "Atashika atatulia. Kwani shida ni nini? Ni wewe ulisema mbele ya watu wote. Chuma ni chuma."

Nilikuwa na sufuria mkononi na nilitamani sana kuitumia. Lakini kibaya zaidi ya hasira ni kwamba nilitaka afaulu. Nilitaka magokoro azishike, atabasamu, alale. Kwa hiyo nilisogea nikampisha.

Magokoro alipakata kile kifurushi. Alinusa majani kwanza. Akafunua, akachukua pete ya kwanza, akaipitisha kidole gumba polepole kuizunguka. Akazunguka tena. Niliona anachokitafuta. Alikuwa akitafuta pale palipokatwa, zile kingo zilizomkwaruza siku ya ubatizo, na fundi wa Marani alikuwa ameziunga vizuri sana, duara kamili, hata alama ya moto ameisugua. Baba mkubwa hakuwa amewahi kuzishika pete za mama yake. Alizijua kwa kuzikataza tu.

Magokoro aliishika ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha akalifunua blanketi, akajaribu kupitisha moja kwenye mguu. Ilifika kwenye vidole, ikakwama.

"Hizi zitapita wapi?" akauliza. "Mwenye hizi ana kwato?"

Akaitoa mguuni.

"Zangu ziko wapi?"

"Mama, ni chuma tu," baba mkubwa akasema. "Hata mwalimu hapa amesoma, ameeleza, chuma yote ni..."

"Zilichukuliwa na watu wa vyuma kuukuu, magokoro," nikasema. "Nilizifuata Daraja Mbili, sikuzikuta. Zimekwenda kuyeyushwa."

Hakuuliza nani alizitoa. Alizikusanya zile pete mpya moja baada ya nyingine, akazifunga katika majani yake, akamnyooshea mwanawe kifurushi hadi akakipokea. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kumtuma mtoto dukani:

"Basi msinilaze kando yake. Nizikeni kule chini, mpakani, kwenye ile mikaratusi."

Kila boma la kwetu lina mahali kama hapo, ingawa mgeni haonyeshwi. Ni pale wanapozikwa mabinti waliorudi. Waliokwenda kuolewa wakashindwa, au hawakuolewa kabisa, wakafia kwa baba zao. Hawawezi kulazwa karibu na nyumba maana hawana nyumba. Wanapewa ukingo wa shamba, ambapo chai inaisha. Shangazi yetu mmoja yuko hapo. Mimi nitakuwa hapo, na sote watatu mle chumbani tulilijua hilo.

Baba mkubwa alipiga magoti. Sijawahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa. Alimsihi, akalia kwa sauti, akasema watu watasema nini, mke wa mzee mwenye watoto na wajukuu kuzikwa kama mtu asiye na mume, na wanawe wapo. Magokoro alimwacha aseme. Alipomaliza, alimwomba amsogezee maji.

Kesho yake baba mkubwa alinifuata kwenye chai. Nilikuwa nachuma, naye akasimama mstari wa pili, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Ongea na yeye. Wewe anakusikiaga. Mwambie ile maneno ya nyota."

"Maneno gani?"

"Ile ya kwamba haipotei."

Ningeweza kumcheka. Nilichuma hadi kikapu kikajaa, yeye amesimama tu. Nilikwenda, lakini si kwa ajili yake. Nilikwenda kwa sababu wazo la magokoro peke yake kule kwenye mikaratusi lilikuwa linanila.

Niliketi kitandani nikamweleza yote kwa Kigusii, lugha ambayo sikuwahi kuifundishia. Nilimweleza jinsi nyota kubwa inavyojichoma hadi inajaa chuma, jinsi inavyopasuka, jinsi chuma hicho kilivyosafiri hadi kikawa ndani ya ardhi, mhunzi akakichimba na kukifua. Nikamwambia kilichokuwa mguuni mwake bado kipo duniani, na kwamba chuma kilekile kimo katika damu yake sasa hivi, kwa hiyo hatamfikia mumewe mikono mitupu wala miguu mitupu. Nilisema vizuri. Sijawahi kufundisha vizuri hivyo, na kila neno nililosema lilikuwa kweli.

Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Hiyo nyota," akauliza, "ilikuwa na mume?"

"Hapana, magokoro."

"Basi haijui ninachosema." Alinipapasa goti. "Chuma chako kimetoka mbali na kimekwenda mbali, mjukuu wangu, na ni kizuri. Changu kilikuwa hapa." Akagusa kovu. "Mhunzi alipokuwa akigonga, mume wangu alisimama mbele yangu akinitazama usoni nisilie. Nikajikaza nisilie. Ni hizo nilizozitaka."



Magokoro alikufa wakati wa mvua. Kaburi lilichimbwa kule chini, na vijana waliochimba hawakuuliza kitu, ila nilisikia majembe yakisita kila walipoinua macho kuelekea kaburi la mzee kando ya nyumba, lenye nafasi wazi ubavuni iliyoachwa miaka yote hiyo. Watu walijaa hadi wakasimama ndani ya chai. Wale wanawake wawili wazee walikuja, wakatazama shimo lilipo, wakaenda kusimama nyuma kabisa bila kusema na mtu.

Mchungaji alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu si zamani. Alifungua Biblia, akaifunga tena kidole ndani, akatazama juu kwenye nyumba na chini kwenye shimo.

"Kabla hatujaanza," alisema kwa upole, "naona mzee amelala kule juu. Mama yetu mbona tunamweka mbali hivi? Kuna maji pale, au mwamba?"

Baba mkubwa alinigeukia. Alinitazama kama alivyonitazama kwenye chai, akingoja nieleze, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Watu wote wakafuata macho yake wakanitazama mimi. Nilikuwa na maneno. Ningeweza kusema ni matakwa yake mwenyewe, na hayo yangekuwa kweli, na yangemfunika.

Nilinyamaza. Mvua ilianza kunyunya, mtu akafungua mwavuli. Mchungaji akangoja.

"Hakuna mwamba," baba mkubwa akasema mwishowe, na sauti yake ilifika hadi kwa wanawake walio nyuma. "Ni mimi. Alikuwa mke wa mtu, na mimi nikatoa pete zake kwa skrapu."